Mama Alipotazamwa

Mjomba alizipanda ngazi zetu mbio mbio. Huyu ni kaka yake mama, na kwa kawaida ngazi zile alikuwa akizipanda kwa vituo, akifika juu anadai maji kabla ya salamu. Siku ile hata maji hakuyataka. Alisimama mlangoni anatweta, kofia imemwendea upande, akasema, "Bibie, kaa kitako."

"Nshakaa, huoni?" mama akamjibu bila ya kuinua kichwa.

Na kweli alikuwa amekaa chini juu ya mkeka, amepakata mkono wa bi harusi mmoja, anauchora piko. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu baba alipofariki. Nyumba yetu ya Mkunazini ilikuwa haiishi wanawali wanaotaka kupambwa, na mama akishika mkono wa mtu hauachii mpaka maua yamefika kwenye kiwiko. Ikabidi mjomba asubiri. Alikalia kiti, akainuka, akatoka kwenye ngazi, akarudi, akakohoa, akachungulia dirishani. Yule bi harusi alipoinuka tu, mikono ameinyoosha mbele ili piko isiharibike, mjomba akaitema habari yake yote kwa pumzi moja. Mtu fulani kafika kutoka Maskati, na anataka kumuoa mama.

Jina alilolitaja mimi nililijua. Mama mdogo, mdogo wake mama, aliwahi kunihadithia kwa sauti ya chini siku moja tunachambua mchele. Huyo alikuwa kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwa bibi yetu, mwembamba kama ufito, nywele zake anazichana upande na kuzipaka mafuta mpaka zinang'aa. Alileta posa kwa mama, na kabla ya kupewa jibu ukoo wao mzima ukahamia Uarabuni. Mama alilia, akanyamaza, akaja akaolewa na baba, akanizaa mimi. Yule bwana naye akaoa huko, na sasa mkewe amefariki. Amekuja Unguja kutembea, amefikia kwa jamaa zake Mwanakwerekwe, na mjomba alipokwenda kumpokea, mtu hakuuliza nyumba ya baba yake imekuwaje wala mikarafuu ina hali gani. Aliuliza, "Dada yako yuko?"

"Anataka kuja kukutazama," mjomba akamaliza. "Ijumaa, baada ya sala."

Dini yetu inamruhusu mwanamume anayeposa amtazame yule anayemposa, na mwanamke naye amtazame mwanamume, mbele ya jamaa, mlango wazi. Kwa vijana ni jambo la dakika chache. Msichana anapita na sinia ya kahawa, macho chini, moyo juu, na kazi imekwisha. Lakini mama alikuwa amekaribia miaka hamsini.

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Atazame nini? Mwambie aende Malindi akatazame magofu, yako tele na hayana kero. Ati kunitazama! Yakhe, huyu mtu kapigwa na jua."

"Nimjibu hivyo?" mjomba akauliza.

Mama akaanza kukusanya vikombe vyake vya piko. Alivikusanya, akavipanga, akavipanga tena upya. "Mimi sijasema umjibu hivyo," akasema.

Weee! Nilirukwa na akili. Nilimbusu mjomba kofia yake, nikambusu mama, nikakimbilia jikoni kuchemsha kahawa, nikarudi bila ya kahawa. Nami nilikuwa na sababu. Nilikuwa nshaposwa, harusi yangu imekaribia, na mchumba wangu alikuwa na kazi yake Pemba, huko ndiko nitakakohamia. Kila nikifikiri mama atabaki peke yake katika nyumba ile ya ngazi na giza, chakula kilikuwa hakinipiti. Nilishaanza kutafuta maneno ya kuivunja posa yangu. Sasa Mungu ananiletea mtu kutoka ng'ambo ya bahari! Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Mama mdogo alifika kesho yake kutoka Uroa na kikapu kizima cha mambo: liwa, karafuu, maua ya mawaridi yaliyokaushwa, marashi, vyote vya kusaga singo ya kumsugua mama mwili. Tulimweka kati kama mwali. Naye alikuwa akipinga kwa mdomo huku mkono ameshaunyoosha.

"La kuvunda halina ubani," alisema.

"Nyamaza wewe, geuza mgongo," mama mdogo akamjibu.

Tulisugua na kuzungumza, na mazungumzo yenyewe yalikuwa juu ya jambo hilo hilo, nani kazeeka vipi. Mama alikuwa na maneno yake. Alisema mwanamume akiota mvi huambiwa sasa umekuwa mtu mzima, na mwanamke akiota mvi huulizwa, kulikoni, unaumwa? Alisema wanaume huzeeka kuanzia tumboni na masikioni, kwani masikio yao hayaachi kukua, watazameni wale wazee wa barazani kwetu. Wanawake, alisema, huzeekea mikononi. Yeye ameshika mikono maisha yake yote, na uso unaweza kukuongopea kwa poda na wanja, lakini mkono haujui uongo.

"Na wewe umezeekea wapi?" nikamchokoza.

"Mimi nimezeekea kote, sina upendeleo."

Tulicheka nyumba nzima. Lakini jioni nilipoingia chumbani kwake kutafuta sindano, nilimkuta mbele ya kioo cha kabati. Amejishika mashavu kwa viganja viwili, ameyavuta nyuma mpaka masikioni, na kweli, kwa nukta moja nilijiona mimi. Kila mtu mtaani alikuwa akisema nimeichukua sura yake moja kwa moja, pua, kidevu, mpaka mwanya wa meno ya mbele. Mama akaachia. Mashavu yakarudi mahala pake, akayatazama yanavyorudi. Aliponiona nyuma yake kwenye kioo akasema, "Nnatafuta jino linaloniuma."

"Lipi?"

"Yote," akasema, na akatoka.

Hapo ndipo nilipojua kuwa anamtaka yule mtu, na anaogopa. Roho iliniuma.

Tulikuwa tumeshamshauri azipake nywele rangi nyeusi, akakataa katakata. Mvi zake hazifichi, alisema, nani asiyejua kama ana mwana wa kuolewa? Basi, Alhamisi mimi na mama mdogo tukaenda Darajani kununua buibui jipya, tukamwacha peke yake. Tulirudi adhana ya alasiri inalia. Tulimkuta amelala chali juu ya mkeka, kichwa kimefungwa mfuko wa nailoni.

Piko ni ile ile dawa nyeusi ya nywele, lakini kwetu Unguja twaichora mikononi kwa maharusi, na mama alikuwa bingwa wa mikono. Kanuni ya mkono ni moja tu, ukikaa nayo zaidi inakolea zaidi. Kwa hiyo alipobaki peke yake roho ikamsaliti, akachanganya piko yake ya kazini, akajipaka kichwa kizima, akakaa nayo kama anavyowaambia wanawali wakae nayo. Kisha usingizi ukamchukua.

Masalale! Tulipomwosha, nywele zilitoka nyeusi kama masizi, na paji la uso nalo jeusi, mstari mnene kutoka sikio hadi sikio kama aliyevaa utepe. Tulisugua kwa ndimu, tukasugua kwa chumvi, haukutoka. Magharibi macho yakaanza kumwasha. Asubuhi ya Ijumaa yalikuwa yamevimba, yamebaki mianya miwili tu, na mashavu yamefura kama maandazi.

Mama mdogo alikaa chini kwa kicheko. Mimi nilitaka kucheka nikaona mama analia, analia kweli, machozi yanatafuta pa kutokea. "Nilikuwa na uso wangu mbovu," alisema, "lakini ulikuwa wangu. Sasa hata huo sina. Mwambieni nimesafiri. Mwambieni nimekufa."

"Nani amwambie?" mjomba akauliza, ametoka msikitini na kanzu yake ya Ijumaa. "Mtu yuko njiani."

Na kabla hatujakata shauri tukasikia "Hodi!" chini ya ngazi. Mama akakimbilia chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na mama mdogo nyuma yake.

Nilizisikia nyayo zinapanda, zinasimama, zinapumua, zinapanda tena. Mimi nilikuwa namsubiri yule ufito wa nywele za kuchana upande. Lilitangulia tumbo. Likafuata kanzu la Kimanga jeupe pe, kisha uso mpana, mwekundu kwa ngazi, na ndevu. Ndevu zenyewe nyeusi ti! Nyusi nyeupe kama pamba, na ndevu nyeusi kama zilizotoka dukani asubuhi ile. Niliuma mdomo nisicheke. Mjomba akamkaribisha kiti, mimi nikaenda kuleta sinia ya kahawa na halua.

Niliporudi na sinia akaniangalia, akainuka. Alisimama wima, macho yamemjaa maji, akataja jina. Jina la mama.

"Hujabadilika," alisema. "Wallahi hujabadilika hata chembe."

Kijiko kiliteleza kwenye sinia yangu. "Huyo mtoto wake," mjomba akasema pole pole.

Yule bwana alirudi kitini kama mtu aliyepigwa. Akatoa leso, akajifuta shingo. "Astaghfirullah. Nisamehe, mwanangu. Macho ya uzee."

Lakini mama alishasikia. Alikuwa nyuma ya pazia, hatua mbili tu kutoka nilipo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua hatoki tena, na nilijua safari ya Pemba imenifia mkononi, maana nisingeweza kumwacha mama na neno lile masikioni.

Pazia likafunguka. Mama alitoka kwa kishindo, kanga kichwani, ule utepe mweusi unaonekana wazi chini ya kanga, macho mianya miwili. Hakukaa kwenye kiti tulichomwekea pembeni. Alikwenda kukaa chini ya dirisha, pale panapopiga mwanga mkali kuliko mahala pote nyumbani kwetu.

"Huyo uliyemwona ndiye uliyemwacha," akasema. "Aliyebaki ni mimi. Haya, tazama."

Alitazama. Kahawa ikapoa. Mimi nimeshika sinia tupu.

"Macho yana nini?" mwisho akauliza.

"Piko."

"Piko ya nini?"

"Ya kwako wewe!" mama akasema kwa ukali. "Na mimi nna haki ya kutazama. Hizo ndevu za nani?"

Mkono wa bwana ulipanda wenyewe kidevuni. "Za chupa," akasema. "Nlizipaka juzi. Nlikuwa naona haya kuja kwako na zangu."

Nyuma ya pazia mama mdogo aliangua kicheko, mjomba akafuatia, nami nikashindwa. Mama hakucheka. Yule bwana aliinuka, akaaga kwa adabu, na pale juu ya ngazi nikamsikia anamwambia mjomba, "Naomba nije tena kesho kumtazama."

Basi, ikawa msiba. "Hakuridhika," mama alisema. Tulimwambia dini inaruhusu kurudia mpaka mtu aridhike. "Ndo hivyo! Mpaka aridhike. Samaki ukimpenda unamnunua palepale. Ukiona mtu anazunguka soko zima kisha anarudi kwenye lile fungu, jua kakosa zuri zaidi." Usiku huo hakula, na mimi nilimkasirikia yule bwana kwa moyo wangu wote.

Kesho yake alikuja. Ndevu hakuna. Kazinyoa zote, kidevu kimebaki na vijinywele vyeupe vilivyoanza kuchomoza. Uvimbe wa mama nao ulikuwa umepungua. Alikaa, akakataa halua, akasogeza kiti kidogo, mjomba pembeni akajiweka sawa kama askari.

"Huu mstari hapa," akasema, akijigusa yeye mwenyewe katikati ya nyusi, "huo wako, ulikuja lini?"

Mama alimkodolea. "Umekuja kunihesabia makunyanzi?"

"Naulizia tu. Sikuwapo."

Nilidhani mama atamfukuza. Alitazama mikono yake, akageuza viganja, kisha akasema kwa sauti niliyokuwa siijui, "Huo wa kuchora kwa kibatari. Umeme ulikuwa ukikatika, na harusi hazingojei umeme."

"Na hii ya pembeni mwa mdomo?"

"Hiyo ya marehemu, baba wa huyu. Alikuwa na vichekesho, Mungu amrehemu."

"Na hiyo ya chini ya macho?"

"Hiyo nayo ya marehemu. Ya kufa kwake."

Mimi nilikuwa nimekaa na mama siku zote na sikuwahi kumuuliza hata mmoja. Nilidhani uzee humwingia mtu jumla, kama mvua. Leo mimi mwenyewe nna ule mstari wa baina ya nyusi, na najua vizuri ulikuja mwaka gani, wa kulea mtoto anayeumwa kifua, na wallahi nikimuona mtu wa rika langu mtaani natamani nimuulize wake.

"Na wewe?" mama akasema. "Zile nywele za kuchana upande ziko wapi?"

Alivua kofia. Kipara kitupu kinang'aa. "Zamu za usiku," alisema. "Nlikuwa mlinzi wa ghala, miaka mingi. Watu hapa wanadhani nlikuwa tajiri."

"Na meno ya mbele? Hayo si yako."

"Nlianguka ngazini. Siku niliyopata habari kama umeolewa."

"Muongo weye!"

"Haki ya Mungu! Barua mkononi, nkakosa daraja."

Hapo mama alicheka. Alicheka na mkono mdomoni, mabega yanamtikisika, na mjomba akageuza uso upande wa ukuta kama mtu aliyeona kitu kisichomhusu. Mimi nilikimbilia jikoni nikalia kwa furaha juu ya magunia ya mkaa.

Ikawa kila siku baada ya alasiri yule bwana anakuja kutazama. Halua yote mjomba aliila yeye, akaanza kulalamika kuwa anaota tumbo kwa ajili ya watu wengine. Utepe wa mama ulififia paji la uso, na kwenye mizizi mvi zikachomoza nyeupe safi, naye hakuzifunika. Barazani kwetu wazee wakaanza kuulizana bwana huyu ana ugonjwa gani wa macho. Lakini neno la ndoa hakulisema tena, na siku ya harusi yangu inakuja, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya masanduku yangu sijui niyafunge au niyafungue. Nilimuuliza mama. Akasema, "Yeye anatazama. Mimi nifanye nini?"

Siku moja jioni bwana alipoaga, mjomba alimsindikiza mpaka chini. Tuliwasikia kutoka dirishani. "Kesho tena?" mjomba aliuliza kwa uchovu. "Kesho tena, inshallah," yule akajibu. "Bado sijamaliza."

Mama alikuwa anakunja mkeka. Aliutupa. Alikwenda dirishani, akausukuma ubao, akatoa kichwa chote nje, mvi na piko na kila kitu, mtaa mzima unamuona.

"Kaka!" alipiga ukelele. "Mwambie huyo mgeni wako, kutazama bure kumekwisha! Akitaka kuendelea, kesho aje na shekhe!"

Baraza lote lilipasuka kwa vicheko na takbiri. Nilichungulia kwapani mwa mama. Yule bwana alikuwa amesimama katikati ya uchochoro, ameinua uso, kofia mkononi, kipara chake na meno yake ya kubandika vyote hadharani, anacheka kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Kesho mbali, bibie!" akajibu. "Shekhe si huyu hapa barazani?"

Na kweli mmoja katika wale wazee alishaanza kutafuta viatu vyake. Mama alirudi ndani mbio, anaulizia kanga yake nzuri iko wapi, na mimi nikaenda kuyafunga masanduku yangu ya Pemba.